Hakuna Mwezi wa Ishirini na Moja

Jumatatu, 14 Agosti 1995

Nimemaliza! Ramani imekamilika saa kumi kasorobo, na vidole vyangu bado vinanuka wino. Bwana Gachanja ameiinua dirishani, akaikagua kama anayechagua kitambaa cha suti, kisha akasema, "Safi, Miss Nthoki." Safi! Huyu bosi wangu husema "si mbaya" hata harusini.

Niandike jibu lenyewe hapa: asilimia sitini na moja. Yaani katika kila sehemu mia za vichaka vilivyokuwa kule Garissa kabla ya kambi za wakimbizi, sitini na moja hazipo tena. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Una picha mbili za setilaiti, moja ya zamani na moja ya mwaka huu. Majani mabichi hutokea mekundu — ndiyo, mekundu, macho ya ile mashine si kama yetu. Unalaza karatasi angavu juu ya meza ya taa, unazungushia wekundu wa zamani, unazungushia wekundu wa sasa, unahesabu kilichopungua. Wiki saba nimezungushia. Hata nikifumba macho naona mistari.

Mkutano ni Alhamisi ya tarehe 31. Shirika lililotupa kazi litakaa na wakubwa wa serikali, na ramani yangu itatundikwa ukutani. Wakiona uharibifu ni mkubwa, akina mama wa kambini watakatazwa kutoka kutafuta kuni. Kuamua si kazi yangu. Yangu ni mistari. Na Bwana Gachanja ameahidi kwamba ramani ikipita, napata barua ya kuajiriwa kabisa. Kibarua kwaheri!

Jirani yangu Nekesa ameingia jioni na mfuko wa biskuti zilizovunjika, zile wanazogawiwa kiwandani kwao. Nikamwonyesha picha ya zamani. Kuona wekundu wote ule, ameshika mdomo: "Woi! Hiyo yote ni damu?" Nimecheka hadi mama wa nyumba ya chini amegonga dari na mwiko.

Jumatano, 16 Agosti

Kaha amechomelea geti tangu asubuhi. Karakana yake iko chini ya ofisi yetu, hapa Kariobangi, na kila akiwasha ile mashine yake, kompyuta yetu moja inapepesa macho kama mtu aliyeingiwa na moshi. Mara ya tatu ikazima kabisa. Nimeshuka kumkaripia. "Pole sister, lakini hata mimi niko job." Akanipa kiti nikae nione geti. Geti lina tausi wawili. Zuri, siwezi kukataa.

Nimerudi juu nikaandika jina langu chini ya ramani kwa penseli, nione litakavyokaa: *Imechorwa na Nthoki Muindi.* Nikalifuta. Halafu nikaliandika tena.

Ijumaa, 18 Agosti

Leo tumepata mgeni. Anaitwa Hashi. Ni mkimbizi kutoka Kismayu, pwani ya Somalia wanakozungumza Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili chake kinateleza kuliko changu. Shirika lilimpa kazi ya kutembelea sehemu arobaini kuzunguka kambi na kuandika alichokiona katika kila moja, ili tulinganishe na picha. Amepewa ruhusa ya wiki mbili kuja Nairobi, na amefikia kwa dada yake Eastleigh. Mrefu, mwembamba, ndevu zimetiwa hina. Daftari lake amelifunga kwa plastiki tatu! Nimempenda hapo hapo. Mtu anayetunza daftari namna hiyo ni ndugu yangu.

Ananiita "abaayo", neno lao la dada.

Shida imeanza tulipofungua daftari. Sehemu ya kumi na saba: kwangu mimi ni uwanda mtupu. Kwake: *Miti mingi ya miiba. Mbuzi hapiti.* Sehemu ya ishirini na mbili: kwangu uwanda, kwake vichaka mpaka kifuani. Tumekuta kumi na moja za namna hiyo. Hashi amenitazama kwa upole. Akauliza, "Kama hakuna mti, mke wangu huchomwa na miiba gani?"

Baadaye Bwana Gachanja akaniambia kando kwamba mgeni anatetea kwao, na mimi ningetetea kwetu Kitui vilevile. Picha, alisema, haina kwao. Hapo nimekubali. Picha imepigwa kutoka angani, haijali mtu.

Lakini nimemsindikiza Hashi hadi kituoni, na njia nzima ametaja miti kwa majina, mmoja mmoja, na nani hukata upi kwa kazi gani. Mtu haongei hivyo kuhusu miti asiyoiona.

Jumapili, 20 Agosti

Kanisani tumeimba vizuri sana leo. Sauti ya tatu haikuzama hata mara moja, na sauti ya tatu ni mimi na wengine wanne. Nekesa amepika kuku, kuku mzima, kwa sababu tu ni Jumapili na maji yametoka tangu Ijumaa bila kukatika. Mtaa wetu wa Huruma ukiwa na maji watu wote huwa wazuri. Hata yule mama wa mwiko ametusalimu.

Nimekaa kwenye ngazi nikikausha nywele na jua. Nina furaha, naandika hivyo bila aibu. Nina kazi ninayoipenda na jirani anayejua kupika.

Jumanne, 22 Agosti

Nimeharibu.

Nianze mwanzo, labda nitatulia. Leo nimepanga bahasha za picha kwa ajili ya mkutano. Bwana Gachanja anataka kila kitu kiwe na tarehe. Nikatoa rejista, ile niliyoiandika mwenyewe mwezi wa sita kwa mwandiko wangu wa kujivunia: *Picha ya kwanza, 12 Januari 1987. Picha ya pili, 21 Januari 1995.* Zote Januari. Ndiyo maana tulizichagua, kiangazi kwa kiangazi.

Nikatazama lebo ya picha ya pili, ile iliyobandikwa na waliotuuzia, Wamarekani. Imeandikwa *1/21/95*.

Mwezi wa ishirini na moja? Nimecheka kwanza. Nikadhani wamekosea. Tarehe hiyo niliinakili kutoka kwa barua iliyokuja nayo, iliyoiandika kwa maneno, kwa hiyo lebo sikuwahi kuisoma. Nikacheka tena kidogo. Halafu kicheko kikakatika. Hawajakosea! Wenzetu huanza na mwezi ndipo siku. Nikaichomoa bahasha ya kwanza. Hiyo haikuwa na barua. Lebo inasema *12/1/87*, na mimi niliisoma tunavyosoma sisi tangu darasa la kwanza: siku, mwezi, mwaka. Tarehe kumi na mbili, Januari.

Si Januari. Ni tarehe moja Desemba. Mvua ya vuli ndiyo kwanza inaisha. Kila kijiti kina majani.

Nimekaa chini, sakafuni hasa, si kitini. Nililinganisha nyika iliyonyeshewa na nyika ya kiangazi, nikaita tofauti yake uharibifu. Miti haijakatwa! Imevua majani tu! Ikivua majani haina wekundu, na pasipo wekundu mimi nimeandika uwanda.

Na mimi ni mtu wa Mutomo, Kitui kukavu! Hiyo ndiyo inaniuma kuliko yote. Kwetu nyuma ya jiko kuna mti wa magome yanayobanduka kama karatasi. Krismasi huwa umefunika paa zima. Mwezi wa pili ungeapa umekufa. Nekesa alikuja kwetu Februari moja akauliza nani ameunguza shamba letu, na mama alicheka akakaa chini. Miaka sita ya Huruma na nimesahau kiangazi kilivyo.

Hashi alikuwa sahihi kwa zote kumi na moja. Na ramani yangu inakwenda kumnyima mke wake kuni kwa sababu ya majani yaliyoanguka yenyewe!

Sijamwambia mtu. Bwana Gachanja amepita na chai, akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni baridi.

Jumatano, 23 Agosti

Sijasema.

Nimepanga maneno mara kumi. Kila nikisimama, simu inalia, au Kaha anachomelea, au mimi mwenyewe nakumbuka lazima nichonge penseli. Nimechonga penseli zote za ofisi. Ziko kumi na tisa.

Nimwambie, barua ya kazi inakwenda. Nani huajiri mtu asiyejua kusoma tarehe? Nisiseme, hakuna atakayejua, isipokuwa Hashi, na Hashi, Bwana Gachanja amekwisha sema anatetea kwao.

Usiku Nekesa ameniona sili. Nikamweleza yote. Yeye hana mambo mengi: "Kwani wewe ni setilaiti? Ongea bana. Mdomo si unao." Akanimalizia ugali wangu.

Alhamisi, 24 Agosti

Nimesema!

Saa mbili na nusu, kabla hajavua koti. Nikaweka bahasha mbili mezani kwake na rejista katikati. Sikueleza. Nilimwambia tu, "Soma lebo, Bwana Gachanja." Akasoma. Nikaona midomo yake ikihesabu: mwezi wa ishirini na moja... Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akasoma tena. Chini Kaha alikuwa ananyoosha bati. Sijawahi kusikia bati likinyooshwa kwa muda mrefu hivyo.

Akauliza nani aliandika rejista. Nikasema mimi. Akauliza nani alitia sahihi. Akajijibu mwenyewe: yeye.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Amesema "Nthoki", bila ile Miss, na Nthoki tupu ofisini humu haijawahi kusikika. Kisha akafungua kabati la chini na kutoa bahasha ambayo hatukuitumia kwa sababu ina wingu kwenye kona moja. *1/18/88*. Januari kumi na nane, na safari hii hakuna ubishi. Kiangazi halisi, kabla ya kambi. Amesema tunaanza upya na hiyo, tuna siku tano za kazi, na simu kwa shirika atapiga yeye. Kuhusu barua yangu, hakusema neno. Sikuuliza.

Hata hivyo nimetoka pale mwepesi. Nimenunua mahindi choma mawili, nikala yote mawili nikitembea, kama mtu aliyeachiliwa.

Ijumaa, 25 Agosti

Hashi amekuja, nikampa habari. Nilimwomba msamaha kwa sehemu kumi na moja. Amenyanyua mikono juu, akamshukuru Mungu kwa Kiarabu na Kisomali, halafu kwa Kiswahili ili nami nisikie. Akasema, "Nitamwambia mke wangu: yuko msichana Nairobi ameona hatukukata."

Sikusema hivyo. Nilisema nimekosea, na kwamba hesabu mpya itapungua. Lakini alivyofurahi! Alinishukuru, akamshukuru Bwana Gachanja, akashuka akamshukuru hata Kaha, ambaye hajui lolote. Kaha akamjibu, "Poa mzee, karibu tena." Nikaacha tu. Sifa ni tamu, sikutaka kuitia maji.

Jumatatu, 28 Agosti

Nimefanya kazi Jumamosi yote, na leo hadi macho yamelegea. Safari hii siutafuti wekundu. Januari kila kitu kimevua majani, zamani na sasa, kwa hiyo natafuta kijivu. Kichaka kisicho na majani bado kina matawi, na matawi yana kivuli. Mchanga mtupu ni mweupe pe. Kijivu kwa kijivu, ndipo unajua. Penye vichaka natia penseli ya kijani, palipokatwa naacha karatasi nyeupe.

Na daftari la Hashi liko kando yangu. Sehemu ya kumi na saba: kijivu! Mbuzi hapiti! Ishirini na mbili: kijivu! Nilipiga kelele Bwana Gachanja akaja mbio. Zote kumi na moja zimekubali. Amesimama nyuma yangu kwa muda, kisha akavuta kiti akaanza kuhesabu miraba ya ramani pamoja nami, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko. Bosi mzima! Kaha naye amekubali kuchomelea kabla ya saa tatu na baada ya saa kumi tu, kwa sababu nilimwambia tausi wake ni wazuri. Ni wazuri kweli.

Siku kama ya leo ningefanya kazi bure. Sitamwambia mtu nimeandika hivyo.

Jambo moja tu. Mbali na kambi, kijani kinajaa. Karibu na kambi, hakijai.

Jumanne, 29 Agosti

Asilimia kumi na tatu.

Kumi na tatu badala ya sitini na moja. Bwana Gachanja amehesabu mara mbili kwa mkono na mara moja kwa kompyuta, na Kaha, Mungu ambariki, hakuwasha kitu. "Safi, Miss Nthoki." Miss imerudi! Amesema tukiisimamisha ramani hii Alhamisi bila kutikisika, barua nitaichukua jioni hiyo hiyo, maana mtu anayekiri kosa lake ana faida kuliko asiyekosea. Nikatamani Nekesa angekuwepo asikie.

Lakini hizo kumi na tatu hazikutawanyika. Karibu zote zimekaa mahali pamoja: duara jeupe kuzunguka kila kambi, mwendo wa saa mbili kwa mguu kila upande. Kadiri mwanamke anavyoweza kwenda na kurudi na mzigo kabla ya jua kuwa kali. Hapo hakuna majani yaliyoanguka. Hapo pamekatwa, na miti imeisha.

Nimemuuliza Bwana Gachanja, wakiona duara hilo, si watakataza kuni vilevile? Amesema huenda. Huenda pia wakaamua kuleta kuni kwa lori kutoka mbali, au majiko yasiyokula kuni nyingi. Kwa sitini na moja wangekataza tu, bila kufikiri. Kwa kumi na tatu watabishana, na kubishana ni kitu kizuri. Ila, amesema, duara libaki lilivyo.

Hashi anakuja kesho. Anadhani tulisema hawakukata.

Jumatano, 30 Agosti

Saa saba na robo. Bwana Gachanja ameenda kula. Naandika ofisini, kitu ambacho huwa sifanyi.

Hashi amefika na sambusa za dada yake, bado moto, zimefungwa kwenye gazeti. Tumekula tano tano. Amevaa shati jipya, kwa sababu jioni anapanda basi kurudi Garissa na anataka kufika na habari njema akiwa nadhifu. Akaomba aione ramani, amweleze mkewe ilivyo.

Nimeilaza juu ya meza ya taa. Amesoma haraka sana kwa mtu asiyewahi kuona ramani ya namna hii. Barabara, lile bonde la mto, sehemu ya kumi na saba — hapo amecheka, "Mbuzi hapiti!" — na kidole kikaja polepole hadi kambini kwao. Kikasimama. Kikazunguka lile duara jeupe lote, taratibu, mpaka kikarudi pale kilipoanzia.

"Abaayo, hapa ni kwangu."

Nikasema najua.

"Ulisema hatukukata."

Nikasema sikusema hivyo. Halafu nikasema ukweli, kwamba nilimsikia akisema na nikamwacha aamini, kwa sababu nilipenda anavyonishukuru. Pole yangu ilikuwa ndogo hata kwenye masikio yangu. Nimeona haya, haya ya kutaka kuingia chini ya meza.

Hakukasirika. Amefuta mafuta ya sambusa mikononi. Kisha akanieleza: ule mwaka wa kwanza, hakukuwa na hema. Yeye mwenyewe ndiye aliyekata, upande wa mashariki, miti ya kujengea na miiba ya kuzungushia watoto wasiliwe na fisi. Angefanyaje? Nikasema hata mimi ningekata. Ningekata kweli, na ningeanza na mikubwa.

Akaniambia basi tuelewane. Hataki yote. Upande wa mashariki tu, ukanda mwembamba kama ukucha, nitie kijani. Nani atapanda ndege kwenda kukagua? Mkutano ni kesho. Mke wake hutoka saa kumi na moja alfajiri, ana mimba ya miezi saba, na wakikataza atapita wapi? Amesema yote hayo bila kupaza sauti. Amenisogezea mkebe wa penseli.

Nikapima kwa macho. Ukucha wa kijani hautafikisha hata nusu ya asilimia moja. Kumi na tatu itabaki kumi na tatu. Bwana Gachanja hatagundua. Na huyu mtu aliandika sehemu arobaini bila kudanganya hata moja.

Hapo ndipo nilipomwambia, ngoja kwanza, Hashi, niandike kidogo. Nikatoa daftari hili kwenye droo. Anadhani naandika mambo ya ramani. Amevuta kiti karibu, ametulia, ananingoja kwa adabu nimalize, nami sijamaliza, maana nikimaliza lazima nishike penseli ya kijani au nimwambie hapana, naongeza sentensi, na hii nyingine